Mistari ya Upande wa Wanawake

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza tena kwa nini nashuka ngazi za ploti kinyumenyume kama mtu aliyesahau kitu juu, nawajibu hapa mara moja: ni magoti. Fundi wa mazulia hanyooshi zulia kwa mikono. Kuna chuma chenye meno mbele na mto mdogo nyuma. Meno yanauma zulia, nawe unausukuma ule mto kwa goti mpaka zulia likubali kukaa. Fanya hivyo kila ukuta, kila chumba, miaka thelathini na kitu. Magoti yangu yalistaafu zamani, mimi ndiye niliyechelewa kupata habari.

Nimelaza zulia saluni za Umoja ambako nywele hushikana na gundi hata kabla hujafungua mkebe. Nimelaza baa moja ambayo mwenyewe alitaka rangi isiyoonyesha pombe, damu wala matapishi, nikamwambia rangi hiyo inaitwa simiti. Lakini kazi iliyonipa jina, na ambayo ilikaribia kuninyang'anya jina hilohilo, ni mistari ya msikitini. Ndiyo, mimi Njoroge, ambaye mama yake aliimba kwaya mpaka sauti ikaisha, kanisani nilikuwa naonekana Krismasi tu, lakini misikiti ya Eastlands iliyo juu ya maduka nilikuwa nikiijua kila kona.

Kwa asiyejua: waumini husimama bega kwa bega kwenye safu, na safu hiyo huoneshwa kwa utepe uliobandikwa juu ya zulia. Wakisimama juu ya utepe, nyuso zinaelekea kibla. Hapa kwetu Nairobi kibla ni kaskazini, kimeinama kidogo mashariki. Shida ni kwamba ploti zetu zilipimwa kufuata barabara, na barabara zetu zilipimwa kufuata mawazo ya mtu ambaye hajulikani aliko. Kwa hivyo ukumbi unaangalia huku, kibla kinaangalia kule, na utepe lazima upite mshazari kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu asiye na adabu ya pembe akiingia hapo ataharibu mambo ya watu na Mungu wao.

Majuzi niliitwa kumtazama kijana mmoja akipiga mistari ukumbi wa orofa ya pili. Nilimkuta amesimama kando ya nguzo, simu mkononi, leza ya kupigia mistari miguuni, ametabasamu.

"Niaje mzae. Hii app haidanganyi," akaniambia.

"Sogea hatua tatu," nikamwambia.

Akasogea. Mshale wa simu nao ukasogea, ukaondoka kaskazini, ukaenda kutulia kwenye bucha ya ng'ambo ya barabara. Ndani ya nguzo kuna vyuma, kijana wangu, na dira ikikaribia chuma hupoteza akili. Chukua mwelekeo nje, mahali pa wazi, uchukue tena, kisha uwaulize wazee wa hapo kabla hujakata utepe hata inchi moja. Hata leza yako hiyo ya kijani itakupigia mstari mnyoofu sana kuelekea pasipostahili.

Aliyenifundisha haya aliitwa Mzee Athmani, mzaliwa wa Pumwani, baba yake alitoka pwani. Tulikutana nikiwa kibarua wa kiwanda kimoja cha magodoro Industrial Area, nikilala Mukuru kwa Reuben, nikikata sponji kutwa. Alikuja kununua vipande vya kuweka chini ya zulia. Akanitazama nikikata bila rula, akapima kipande, akakuta ni sawa. "Mkono wako ni mzuri," akasema. "Kichwa bado sijakiona." Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimebeba begi lake.

Mzee hakuwa na leza. Alikuwa na vibao viwili vya mbao vilivyoungwa kwa boliti moja na nati ya masikio, tukiuita mkasi. Kibao kimoja unakilaza ukutani, kingine unakilaza juu ya mstari wa kwanza uliohakikishwa, kisha unakaza nati. Hapo umeikamata pembe, na nati hiyo haiguswi mpaka kazi iishe. Siku moja niliilegeza ili nifungulie chupa ya soda kwa boliti yake, na nikarudishwa Mukuru kwa miguu.

Shuleni mwalimu aliwahi kutufundisha mambo hayo. Alichora mistari miwili sambamba, akapitisha mwingine juu yake, kisha akatuonyesha herufi F, herufi Z na herufi C. Nilidhani tumerudi darasa la kusoma. Mzee Athmani aliniambia kwa njia yake, na mpaka leo sijapata njia nyingine.

Ukiwa ukuta mmoja, alisema, kila utepe unapougusa ukuta huo unafanya pembe ileile. Hizo ni ndugu wa tumbo moja, sura yao haitofautiani kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hivyo telezesha mkasi ukutani, weka alama, telezesha tena. Ukivukia ukuta wa pili, pembe ni ileile lakini imegeuka. Ikiwa kushoto mdomo wa mkasi, pale vibao vinapoachana, uliangalia nyuma ya ukumbi, kulia lazima uangalie mbele. Hao ni wakwe, wanafanana heshima lakini wanakaa wameelekeana. Halafu kuna zile pembe mbili zilizo upande mmoja wa utepe mmoja, moja ukuta huu, nyingine ukuta ule. Hao ni wapangaji wawili wa kitanda kimoja. Mmoja akijinyoosha, mwenzake lazima ajikunje, maana kitanda hakiongezeki.

"Na ukiwakuta wote wawili wamejinyoosha?" aliniuliza.

"Mmoja ameanguka, Mzee."

"Basi ujue uliyekosea ni wewe, si kitanda."

Kuna sharti, na vijana wengi hulisahau: haya yote ni kweli ikiwa kuta zenyewe ni sambamba. Ukuta haujaapa mahali popote. Tulilaza ukumbi mmoja Kariokor, juu ya mafundi wa ngozi, mahali ambapo harufu ya gundi yao na ya gundi yetu zilikutana ngazini zikapigana. Tulipiga mistari vizuri sana upande wa kushoto, tukavuka kulia na mkasi, tukakuta ncha hazikutani. Mzee alinitazama mimi, nami nikautazama mkasi. Kumbe landilodi alipofika orofa ya juu alijiongezea ukumbi kwa kuusogeza ukuta mmoja nje, shubiri moja mwanzoni, mbili mwishoni, juu ya hewa ya jirani. Tangu hapo, kabla ya kukamata pembe yoyote, tunapima upana wa ukumbi mahali patatu: mbele, katikati na nyuma. Vipimo vikitofautiana, weka mkasi begini, pima kila safu kutoka safu iliyotangulia, na usiuamini tena ukuta huo.

Sasa nifike nisikotaka kufika.

Magoti ya Mzee Athmani yalipoanza kuvimba, aliniambia wazi kwamba ukumbi mpya wa swala mtaa wa Mowlem ndio mtihani wangu. Nikiumaliza vizuri, kazi zote za kumbi zitakuwa zangu, na kila kamati anayoijua ataniambia niende kwa jina lake. Nilikuwa nimebeba begi lake mwaka wa saba. Nilikuwa na mke, mtoto na chumba kimoja, na hamu kubwa ya kuitwa fundi na mtu ambaye si mke wangu.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la rangi. Kamati walikuwa na haraka, wakawa wameshasimamisha ukuta wa plaiwudi katikati, kutoka mbele hadi nyuma: wanaume kushoto, wanawake kulia. Kuta zote mbili za pembeni tulizipima mahali patatu, zikawa sambamba kama za kitabuni. Asubuhi Mzee alikamata pembe ukuta wa kushoto na tukapiga upande wa wanaume pamoja. Mchana magoti yakamshinda. Akaniachia mkasi, nati imekazwa.

"Upande wa wanawake umalize wewe," akaniambia. "Ukifika ukuta ule, kumbuka wakwe."

"Hiyo nimeshika, Mzee. Hiyo ni rahisi."

Nikavua viatu, nikaingia upande wa wanawake, nikaulaza mkasi ukuta wa kulia vilevile ulivyokuwa kushoto, mdomo ukiangalia nyuma. Nikaweka alama, nikatelezesha, nikaweka alama. Plaiwudi ilinizuia kuona mistari ya upande wa pili, na mimi sikujishughulisha kwenda kuchungulia. Safu zangu zilikuwa nzuri kweli. Zilikuwa sambamba zenyewe kwa zenyewe, utepe haukukunjika hata mahali pamoja. Nilikuwa nikipiga mluzi, nafikiri, mpaka nikakumbuka niko wapi.

Jioni nilibeba begi nikasimama mlangoni nyuma, pale plaiwudi inapoishia, ambapo unaona pande zote mbili kwa pamoja. Mistari ya wanaume ilikuja ikishuka kutoka kushoto. Mistari ya wanawake ilikuja ikishuka kutoka kulia. Ikakutana mbele yangu imefanya herufi V kama kola ya fulana. Wapangaji wote wawili walikuwa wamejinyoosha. Waume wangeelekea kibla, na wake zao wangeelekea kwingine kabisa, kona ya mbele ambako fundi wa umeme alikuwa ameacha waya.

Gundi ilikuwa imeshakauka, swala ya kwanza ya ukumbi ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Ningeweza kumwendea Mzee usiku ule. Ningeweza kung'oa utepe wote na kukesha. Badala yake nilizima taa, nikafunga mlango, na kujiambia kwamba hakuna mwanakamati atakayeingia upande wa wanawake kukagua. Hapo sikukosea. Waliukagua upande wao, wakausifu, wakanywa chai.

Basi nikaanza kuishi na jambo hilo. Wiki ya kwanza nilijiambia Mungu anaona nia. Wiki ya pili nikajiuliza nia ya nani. Kila Ijumaa saa saba nilikuwa naacha kazi popote nilipo nikiwafikiria wanawake wa Mowlem, wamejitanda leso zao, wamenyooka kwenye mistari yangu, wakiielekea ile kona ya waya. Mimi si mtu wa dini sana lakini niliogopa. Na kilichonitesa zaidi ni kwamba mke wa Mzee mwenyewe, Bi Zuhura, alikuwa akiswali palepale. Mwanamke huyu ndiye aliyenilisha miaka saba. Mzee alikuwa akinisifu mbele za watu, nami nilikuwa nikiangalia chini, watu wakadhani nina unyenyekevu.

Wiki ya tano nilisikia kamati inapanga kuutoa ukuta wa plaiwudi kwa ajili ya Idd, ukumbi uwe mmoja watu watoshe. Sikulala. Asubuhi nikaenda Pumwani, nikijua Mzee yuko kliniki ya magoti, kwa sababu nilikuwa mwoga hata katika kutubu.

Bi Zuhura alikuwa anapika mahamri.

"Njoroge. Keti. Ushakula?"

"Bado, Mama. Lakini nimekuja na jambo."

"Sema, mafuta yanasikia pia."

Nikamwambia. Nilimweleza ukuta, mkasi, mdomo ulioangalia nyuma badala ya mbele. Nilimwambia kwamba kwa wiki tano wanawake wote wameelekezwa kusikostahili, kwamba ni mimi niliyefanya hivyo, na kwamba nilijua tangu jioni ya kwanza. Machozi yalikuwa yananitoka nikiyalaumu mafuta. Akageuza mahamri, yote, moja baada ya jingine, kabla hajanijibu.

"Wiki tano hizo tumeswali vizuri sana," akasema.

"Mama, mistari—"

"Mistari ni yako. Kibla si chako." Akapunguza moto. "Chini ya ile plaiwudi mna uwazi wa vidole vitatu. Ijumaa ya kwanza niliinama kuweka mkoba, nikaona utepe wa waume unakuja huku, wetu unakuja huku, zimegongana vipaji vya uso. Nimelala na fundi wa pembe miaka thelathini, Njoroge. Unadhani sijui mkwe anakaaje? Nikawaambia wenzangu wageuke. Tunasimama tukiikata mistari yako, na mgeni akija tunamgeuza bega."

Sikujua kama nishukuru au nijifiche chini ya meza. Nikamwuliza kama Mzee anajua.

"Ningemwambia, angepanda zile ngazi siku hiyohiyo na magoti yale, akatengeneza, akakusamehe, ukala na kulala. Nikasema, tumpe huyu mpaka Idd. Plaiwudi ikitoka kila mwanamume ataona. Sasa uchague nani amwambie mume wangu, wewe au zulia."

Nilikula mahamri manne nikingoja. Msinione mlafi, hofu yangu hukaa tumboni.

Mzee alirudi saa sita, akaketi, akanyoosha mguu. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alisikiliza kama anavyosikiliza kamati, macho kwenye fimbo yake.

"Mdomo uliangalia nyuma," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hilo ni kosa la mkono, hata mimi nimelifanya, Eastleigh, nikiwa mkubwa kuliko wewe. Na hizi wiki tano ni kosa la nini?"

Nilikohoa. Akangoja, na mtu akingoja hivyo hata kikohozi chako kinaonekana ni uongo.

"Niliogopa hutanipa kazi za kumbi," nikasema.

"Hapo umesema kweli. Sitakupa." Alisema bila hasira, na afadhali angenipiga. "Utabeba begi mwaka mwingine. Kesho utawaambia kamati mwenyewe, mimi nitakuwa nimekaa pale nisiseme kitu. Kisha utang'oa."

Kamati niliwaambia. Mwenyekiti alipandwa na hasira, akauliza itakuwaje na swala za wanawake wa watu. Mlangoni kulikuwa na Bi Zuhura na wenzake saba, hakuna aliyewaalika. Bi Zuhura akamwambia swala za wanawake ziko salama, ni yeye mwenyekiti ambaye kwa wiki tano hakuwahi kuuliza. Mwanakamati mmoja alikohoa, wengine wakaangalia dari. Sheikh akaficha tabasamu ndani ya ndevu.

Plaiwudi iliondolewa mchana huo. Nililala kifudifudi nikikwangua gundi kavu, nikibandua utepe wangu mzuri sana, na wanawake wanane wameketi nyuma wakinitazama kama mahakama. Nilipomaliza, nilichukua mkasi kwenda ukuta wa kulia. Bi Zuhura akanyoosha mkono.

"Nipe."

Akaulaza ukutani mwenyewe, mdomo ukiangalia mbele. Akashika ncha ya kamba ya chaki pale, nami nikaivuta mpaka ulipoishia utepe wa wanaume. Nikaipiga. Unga wa buluu ukaruka, na mstari ukakaa, mmoja tu, kutoka ukuta hadi ukuta. Tulifanya hivyo safu zote. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, ukumbi wowote nilioingia nilianzia upande wa wanawake, na hakuna kamati iliyonilipa kabla ya wanawake kusimama juu ya mistari kwanza. Nanyi fanyeni hivyo.

Adhana ilitukuta utepe wa mwisho bado una joto la kiganja changu. Mzee Athmani alikuwa amekaa kitini mlangoni, lakini macho yangu hayakuwa kwake. Nilikuwa namtazama Bi Zuhura. Alitembea safu ya kwanza yote, kushoto hadi kulia, polepole, akiangalia miguu yake. Akarudi. Wanawake wakaanza kujipanga nyuma yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelazimika kugeuza bega.

"Iko sawa, Mama?" nikauliza.

"Toka," akasema. "Tunataka kuswali."

Nikabeba begi la Mzee, nikatoka, nikaketi ngazini katikati ya viatu vya watu. Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi hivyo.